Maarifa ya Ufundi: Kwa Nini Shimo Moja Hutobolewa Mara Mbili

Mahali pengi ambapo kisima kirefu hutobolewa kwa mtambo, hutokea siku moja ya manung'uniko. Maji yamekwisha kuonekana, watoto wamekwisha kulowa, na wazee wa kamati wamekwisha kupeana mikono. Ndipo fundi huzivuta fito zake zote juu, akaifungua ile biti aliyotobolea, akafunga nyingine iliyo pana zaidi, na kuanza kuchimba tena katika shimo lile lile tangu juu hata chini. Tena kazi hiyo ya mara ya pili imeandikwa katika hesabu, kila mita na shilingi zake. Hapo watu huanza kutazamana. Je, maji si yamepatikana? Shimo lililokwisha kuchimbwa lachimbwaje tena?

Swali hilo ni la haki, nasi leo twataka kulijibu kwa urefu. Fedha ya kisima mara nyingi ni fedha ya michango, iliyokusanywa kidogo kidogo, na kamati iionapo gharama ya kupanua shimo hushawishika kumwomba fundi aiache. Fundi asiye mwaminifu hukubali upesi, maana anapunguziwa kazi. Lakini uamuzi huo wa dakika chache waweza kukiua kisima, na hasara yake haionekani siku ile bali baada ya miezi au miaka.

Kwanza tutazame kwa nini shimo dogo hutangulia. Seremala yeyote alijua jambo hili kabla ya mitambo kuja. Akitaka tundu pana katika ubao mgumu, haanzi kwa keekee kubwa. Hutoboa kwanza kwa ile nyembamba, kisha kubwa hufuata njia iliyokwisha kufunguliwa, nao ubao haupasuki wala tundu haliendi upande. Mwamba nao una desturi hiyo hiyo, ila hesabu yake ni kali zaidi. Shimo la inchi 12 si mara mbili ya shimo la inchi 6, kama macho yanavyodanganya, bali ni mara nne, kwa kuwa eneo la duara hukua kwa mraba wa upana wake. Basi anayetoboa inchi 12 tangu mwanzo avunja na kupandisha juu mawe mara nne, wala hajui bado kama chini kuna maji.

Lile shimo la kwanza ni kama mpelelezi. Kwa kila mita chache fundi huweka kando vipande vya mawe vilivyopanda, akavipanga kwa mfuatano wa kina chake: hapa mfinyanzi, hapa mchanga, hapa mwamba wa volkano uliooza, hapa mwamba mzima. Yuaona maji yaliingia wapi na kwa nguvu gani. Hapo ndipo ajua wapi bomba liwe na matundu ya kupitisha maji na wapi liwe zima. Na kama shimo ni kavu, watu wamepoteza fedha ya shimo dogo tu.

Sasa tuje kwenye chombo chenyewe. Kwa Kiswahili cha wazi twaweza kukiita kipanuzi. Katika kazi mafundi hulisema jina la Kiingereza kwa matamshi yetu, rima. (Msomaji aliyelelewa kwa wawindaji asije akadhani twasema habari ya lile rima la kutegea nyati, ingawa shimo ni shimo.) Jambo kuu la kipanuzi, linalokitofautisha na biti ya kawaida, ni kwamba hakitafuti njia. Mbele yake kina pua nyembamba yenye upana karibu sawa na shimo dogo. Pua hiyo haikati, au hukata kidogo tu. Kazi yake ni kushika njia. Meno yako nyuma yake, pande zote, nayo hula ukuta wa shimo. Ukiondoa pua hiyo, kipanuzi chaweza kuacha njia na kuanza shimo lake chenyewe.

Meno hayo hutofautiana kwa kadiri ya ardhi. Katika udongo na mchanga ulioshikana, mabawa ya chuma yenye makali yatosha. Hukwangua kama jembe. Katika mwamba wa wastani hutumiwa vichwa vya chuma vyenye umbo la pia, vyenye meno, ambavyo huzunguka na kuliponda jiwe badala ya kulikwangua. Fikira hii ya vichwa vinavyozunguka ilipata hati ya uvumbuzi huko Marekani mwaka 1909 kwa jina la Howard Hughes wa Texas, nayo ilibadilisha kabisa kazi ya kutoboa mwamba. Na katika mwamba mgumu mno hutumiwa nyundo ya upepo, ambayo hushuka yenyewe ndani ya shimo. Kompresa huipelekea hewa kwa nguvu kupitia ndani ya fito, nayo hugonga mara nyingi kwa dakika moja huku ikizungushwa. Hewa ile ile ikitoka hupuliza vumbi na vipande mpaka juu.

Kuna na jamii nyingine ya vipanuzi ambayo kwa maoni yetu ndiyo yenye werevu zaidi. Wakati mwingine sehemu ya juu ya shimo imekwisha kuvikwa bomba ili udongo usibomoke, kisha chini ya bomba hilo yatakiwa shimo lililo pana kuliko bomba lenyewe. Chombo kipana kitapitaje katika bomba jembamba? Jibu ni chombo chenye mikono inayokunjika. Hushuka mikono ikiwa imekunjwa ubavuni. Kikiisha kupita bomba, msukumo wa maji au tope ndani ya fito huifungua mikono ile, nayo huanza kula ukuta. Kazi ikiisha, msukumo hupunguzwa, mikono hukunjika, na chombo hupanda. Mkono ukikataa kukunjika, fundi ana mashaka makubwa. Wasweden walitengeneza namna nyingine iitwayo Odex, ambayo biti yake haikai katikati. Ikizungushwa upande mmoja hujitokeza nje na kutoboa shimo lililo pana kuliko bomba, na bomba hushuka nyuma yake papo hapo. Ikizungushwa upande wa pili hujikusanya na kutolewa kupitia ndani ya bomba. Katika ardhi ya mawe yaliyochanganyika na mchanga, ambayo hubomoka mara tu fito zinapoondolewa, chombo hiki ni baraka.

Kama kuna mtu anayeona ya kwamba haya ni mambo ya mafundi tu, na akumbuke yaliyotokea nchini Chile mwaka 2010. Tarehe 5 Agosti mwaka ule, mgodi wa shaba na dhahabu uitwao San José, karibu na mji wa Copiapó katika jangwa la Atacama, uliporomoka na kuwafungia chini watu 33. Kwa siku 17 hapakuwa na habari yao. Mitambo ilitoboa mashimo membamba hapa na pale kuwatafuta, na mengine yalikosa njia, maana katika kina cha mita mia kadhaa kosa dogo la mwelekeo juu huwa kosa la mita nyingi chini. Tarehe 22 Agosti shimo moja lilifika mahali walipokuwa, kina cha karibu mita 700. Na fito zilipovutwa juu palikutwa karatasi iliyofungwa kwenye chuma, yenye habari ya kwamba wote 33 wako hai.

Furaha ile ilikuwa kubwa, lakini shimo lilikuwa na upana wa sentimita 14 hivi. Chakula, dawa na barua vilipita, mtu hapiti. Ilitakiwa njia ya kumpitisha mtu aliyesimama ndani ya chombo cha chuma. Wakuu wa kazi walianzisha mipango mitatu kwa wakati mmoja, kila mmoja na mtambo wake, kusudi mmoja ukishindwa mwingine usonge mbele. Mpango wa kwanza ulitumia mtambo mkubwa wa kuchimba njia za wima migodini, ukitoboa shimo jipya. Wa tatu ulitumia mtambo wa mafuta. Wa pili, ulioanza Septemba, ulichagua njia ya unyenyekevu zaidi: haukutoboa shimo jipya, bali ulichukua mojawapo ya mashimo membamba yaliyokwisha kufika chini, na kulipanua.

Mtambo huo wa Schramm T130 ulitumia nyundo za upepo zilizotengenezwa Pennsylvania, zenye pua mbele ya kufuata shimo la zamani. Kwanza walipanua toka sentimita 14 hadi 30 hivi, yaani inchi 12. Kazi haikwenda bila msiba. Katika kina cha mita 268 nyundo iligonga chuma kilichokuwa kimepigiliwa mwambani kushikilia mgodi, ikavunjika, na vipande vyake vikabaki shimoni. Siku kadhaa zilipita wakivivua kwa kifaa chenye vidole vya chuma, walichokiita buibui. Hapo baadhi ya watu walianza kusema mpango huu umekufa. Lakini tarehe 17 Septemba upanuzi wa kwanza ulifika chini, kisha ukaanza wa pili, wa upana wa karibu sentimita 70.

Twaomba msomaji aliangalie jambo moja hapa. Katika kisima cha kawaida vipande vya mwamba hupandishwa juu kwa hewa au kwa tope. Pale Chile, kwa kuwa shimo dogo lilikuwa wazi mpaka chini, vipande viliangukia mgodini. Ukipiga hesabu, shimo la mita 620 likipanuliwa toka sentimita 30 hadi karibu 70 latoa mawe zaidi ya mita za ujazo 150. Basi wale watu waliofungiwa walikuwa chini ya shimo wakiyaondoa mawe yaliyoanguka, ili mahali pasizibe. Walikuwa vibarua katika kazi ya kujiokoa wenyewe.

Asubuhi ya tarehe 9 Oktoba kipanuzi kilipenya kwenye karakana ya chini, kina cha mita 620 na kidogo. Mipango mingine miwili ilikuwa bado njiani. Sehemu ya juu ya shimo ilivikwa bomba la chuma. Mwamba uliobaki ulionekana ni mzima, ukaachwa hivyo. Chombo cha kupandia, kilichoitwa Fénix, kilikuwa na upana wa sentimita 54. Tarehe 13 Oktoba, tangu baada ya saa sita usiku hata karibu saa nne za usiku uliofuata, watu wote 33 walipandishwa mmoja mmoja, baada ya siku 69 ardhini.

Fikira hiyo ya shimo dogo kutangulia imeenea katika kazi nyingine tunazopita kando yake bila kuziona. Bomba la maji au nyaya zikipitishwa chini ya barabara kuu bila barabara kukatwa, mtambo uliolazwa kando hutoboa kwanza njia nyembamba inayopinda chini ya lami na kutokea ng'ambo. Huko ng'ambo ile biti huondolewa, hufungwa kipanuzi, nacho huvutwa kurudi kilikotoka kikipanua njia. Mwishowe bomba lenyewe hufungwa nyuma yake na kuvutwa. Mto wa kwanza kuvukwa kwa njia hii ni Pajaro huko California, mwaka 1971. Kanuni ya mafundi ni kwamba njia iwe na upana wa mara moja na nusu ya bomba, kwa sababu bomba linalobanwa na udongo huchubuka au hukwama katikati ya safari.

Na mwenye kujenga nyumba katika udongo mweusi wa mbuga, kama ule wa uwanda wa Athi na sehemu kadha wa kadha za Nairobi, ana sababu yake ya kukijua kipanuzi. Udongo ule hufura mvua inaponyesha na kujikunja wakati wa kiangazi, ukizipasua kuta. Huko India, ambako udongo wa namna hiyo ni mwingi, walitengeneza dawa yake. Hutoboa kwa keekee ya udongo shimo la sentimita 30 mpaka chini ya tabaka linalochezacheza, labda mita tatu na nusu, kisha hushusha chombo chenye visu viwili vilivyofungwa kwa bawaba, na ndoo chini yake. Watu huzungusha mpini na kukandamiza. Visu hufunguka, hukwangua ubavu wa shimo, na udongo huangukia ndoo. Mwishowe chini ya shimo panakuwa na tumbo kama la mtungi, lenye upana wa mara mbili na nusu ya shingo yake, yaani sentimita 75. Humo humiminwa zege lenye nondo. Udongo wa juu ukifura hauwezi kuing'oa nguzo ile, kwa kuwa tumbo lake limeshika chini mahali pasipotikisika. Chombo chenyewe ni cha mkono, wala hakihitaji mtambo wowote.

Sasa turudi kwa kamati yetu iliyonung'unika. Kisima kilichopanuliwa hakileti maji zaidi kwa sababu ya upana wake tu. Asiyejua hudhani hivyo, na fundi mwongo huliuza jambo hilo. Faida kubwa iko katika ile nafasi inayobaki baina ya bomba na ukuta wa shimo. Bomba la inchi 6 linalotumiwa sana kwetu lina upana wa nje wa milimita 168 hivi. Likitiwa katika shimo la inchi 8, yaani milimita 203, linabakiza milimita 17 tu kila upande, nazo ni kama upana wa kidole. Tena bomba haliwi katikati sawasawa; likiegemea upande mmoja, upande huo haubakiwi na kitu. Katika shimo la inchi 10, lenye milimita 254, hubaki milimita 43.

Nafasi hiyo hutiwa changarawe safi iliyochaguliwa, isiyo kubwa wala ndogo mno, ili maji yapite na mchanga uzuiliwe. Nafasi ikiwa nyembamba, changarawe hukwama njiani na kuacha mapengo chini, wala hakuna jicho litakaloyaona. Pampu ikianza kazi, mchanga huingia bombani. Hulika sehemu za pampu, maji huwa machafu, na chini ya kisima hujaa mchanga polepole mpaka maji yapunguke. Watu husema kisima kimekauka; kumbe maji yapo, ila njia imezibwa.

La hatari zaidi liko juu. Mita za kwanza za nafasi hiyo hapana budi zijazwe saruji au mfinyanzi uliokandamizwa, ili maji ya mvua yaliyopita zizini na vyooni yasiteremke kandokando ya bomba hata kwenye maji ya kunywa. Saruji haiwezi kushuka vema katika upenyo wa kidole kimoja. Hapo kijiji hunywa maji yatokayo mita mia moja chini ya ardhi kikidhani ni safi, huku uchafu wa uso wa nchi ukishuka nayo. Na bomba likiisha kutiwa na changarawe kumiminwa, shimo halipanuliwi tena. Dawa iliyobaki mara nyingi ni kutoboa kisima kingine.

Kwa hiyo kamati na iandike katika mkataba, kabla ya mtambo kufika, upana wa shimo la mwisho na upana wa bomba, kwa milimita. Siku ya kupanua, mjumbe mmoja asimame hapo na tepu ya kupimia, apime kipanuzi kwenye meno yake kabla hakijashuka, na apime tena kikipanda; chuma huliwa na mwamba, na kipanuzi kilichochakaa huacha shimo jembamba kuliko lililolipiwa. Kisha ahesabu madebe ya changarawe. Baina ya bomba la inchi 6 na shimo la inchi 10, kila mita 10 za kina humeza kama madebe 14 ya lita 20. Katika shimo la inchi 8 humeza 5 tu. Ukuta uliobomoka huongeza hesabu, lakini hakuna kinachoipunguza isipokuwa shimo jembamba au changarawe iliyokwama. Mwenye kujua kuhesabu madebe ya mahindi hahitaji shule nyingine kwa kazi hii. Tena kamati iombe nakala ya taarifa ya kisima, ile ambayo fundi hupaswa kuipeleka kwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji iliyowekwa na Sheria ya Maji ya mwaka 2016.

Ni haki pia kusema upande wa fundi. Pengine atawaambia ya kwamba chini ya kina fulani mwamba ni mzima na mgumu, hautoi mchanga, na hauhitaji changarawe wala kupanuliwa mpaka mwisho. Aweza kuwa anasema kweli, na neno lake litawaokolea fedha nyingi. Mwambieni awaonyeshe vile vipande alivyoviweka kando kwa mfuatano wa kina. Mwamba mzima hutoa vipande vikavu vyenye ncha kali na vumbi la rangi moja; ulioharibika hutoa vipande laini vinavyovunjika kwa kidole, mara nyingi vyenye udongo wa rangi ya kutu. Lakini hata pale mwamba ulipo mzima, sehemu ya juu ya shimo yapaswa kupanuliwa na kuzibwa kwa saruji mpaka iingie ndani ya mwamba huo, na hiyo ni kazi ambayo fundi asiruhusiwe kuiruka kwa bei yoyote.